Matonge ya Maua Nyuma ya Nyumba
Ziwa lililokuwa limefurika liliporudi nyuma, liliacha uani kwetu kipande kitupu cha mchanga na tope kavu. Hata nyasi zilikataa kuota. Ilikuwa vakansi, shule zimefungwa, nyumba yetu ya Rumonge imejaa watoto, wangu wawili na wa dada yangu wa Nyanza-Lac, na kelele zao zilikuwa zimenichosha. Nikawaambia, "Leo tunapanda maua, na hatuchimbi hata shimo moja."

Mbegu tulikuwa tumeziokota kandokando ya njia ya Kizuka, za maua ya porini ya manjano ambayo hakuna anayehangaika kuyapanda. Tukazichanganya na mboji na udongo wa mfinyanzi ndani ya beseni, tukanyunyiza maji, tukaanza kuviringisha matonge madogo kama ndimu. Kuku hawawezi kudonoa mbegu iliyo ndani ya tonge, na mvua ikinyesha linalainika, mbegu inaota palepale lilipoanguka. Mdogo kabisa alilitia moja mdomoni, akatema, akatucheka sisi tuliokuwa tunamcheka.

Mama mkwe wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Sasa hii maua, inaliwa?"

"Hapana, mama. Ni ya kupendeza tu."

"Eh! Udongo muzuri hivi, wa kutazama!"

Lakini hakurudi jikoni. Alivuta kigoda, akakaa katikati ya watoto, akachota udongo. Nikaingia ndani kuepua maharage, na huko nilisikia wananong'ona na kucheka. Nilifurahi, sikuuliza.

Matonge tuliyaanika kivulini juu ya bati. Mawingu ya mvua ya kwanza yalipokusanyika, tukatoka wote kuyarusha. Mama mkwe alirusha mbali kuliko sisi sote, watoto wakamshangilia mpaka majirani wakachungulia. Yaliyobaki, watoto wa dada waliondoka nayo kwao.

Wiki chache baadaye mwanangu wa kike aliniita. "Mama, njoo! Iko lengalenga!"

Kweli. Miche ya maua ilikuwepo, lakini kila ilipochomoza ilizungukwa na lengalenga, mchicha wa kwetu, nene, laini, tayari kwa sufuria. Nikamgeukia mama mkwe. Yeye akatazama ziwani.

"Ndege ndiyo wanaleta mbegu," akasema.

"Si ndege!" binti yangu akadakia. "Bibi alitoa mbegu mu kitenge yake, akatia mu matonge. Alisema tunyamaze!"

Mama mkwe alijaribu kukasirika, akashindwa, akacheka mpaka akashika ukuta. Nami nikacheka hadi machozi. Jioni hiyo tulipika lengalenga kwa mawese na ndagala, dagaa wa ziwani, na sahani moja ikavuka ua kwenda kwa jirani.

Bado tunakula, simu ikalia. Alikuwa dada yangu.

"Watoto wangu umewafundisha nini huko?" akauliza. "Lengalenga imeota mpaka mlangoni, na wananikataza kuichuma. Wanasema ni maua!"