Gurudumu Lililobaki Baridi

Usiku ule hatukulala. Mimi na jirani yangu Jokébed tulikaa jikoni tukisikiliza barabara ya Beni. Mchana askari walikuwa wamemchukua Paulin, mwanangu wa kwanza, pale anapotengeneza magari karibu na soko la Butembo. Walisema jipu ya jeshi aliyoitengeneza imeanguka mtaroni, na kwamba yeye ni mtu wa waasi, wakampeleka kambini Beni.

Ilikuwa mwaka 1965. Waasi walikuwa wameshafukuzwa mjini lakini bado walikuwa msituni, na mtu aliyeitwa muasi saa sita mchana, jioni watu walikuwa wanauliza nani atamlea mtoto wake.

"Mama Paulin, kunywa chai," Jokébed akasema.

"Hapana."

"Basi mi nitakunywa na yako. Kesho mumoja wetu lazima abakie na nguvu ya kupigia askari kelele."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Kila mlio wa gari ulinisimamisha mlangoni.

Paulin nilimzaa Vuhovi, wakati wa kuvuna maharage. Alisoma miaka michache, kisha akaenda Lubero kuosha lori la misioni. Mzungu aliyekuwa fundi pale alipoondoka baada ya uhuru, Paulin alirudi nyumbani na mfuko wa spana za chuma na suruali moja. Alikuwa na namna yake ya kazi. Dereva akija kulalamika kwamba gari linavutwa upande akikanyaga freni, Paulin hakufungua kitu. Alipanda, akateremka nalo kilima cha kanisa, akakanyaga freni mara nyingi, kisha akashuka na kuweka kiganja juu ya gurudumu moja la mbele, halafu la pili, kama mimi ninavyopapasa paji la mtoto mwenye homa.

"Mama," aliniambia mara nyingi wakati wa kula, "gari inakimbilia upande ule freni inafanya kazi. Ile gurudumu ya moto ni muzima. Ugonjwa iko kwa ile ya baridi. Lakini bantu banatengenezaka ile ya muzima!"

Nilikuwa naitikia huku nikichambua maharage. Sikujua kwamba nilikuwa ninajifunza.

Siku chache kabla ya hapo Benoît, dereva wa jeshi, kijana wa Kasai aliyependa kula kwetu, alileta jipu ile. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa linanguruma. Grisi haikuwepo popote. Maduka makubwa yalikuwa yamefungwa tangu vita. Kesho yake asubuhi nilikuta chungu changu cha mafuta ya mawese kimekwanguliwa, na alama za bisibisi ndani. Kwetu baridi ni nyingi, mawese yanasimama kwenye chungu kama sabuni, tunayakata kwa kisu.

"Weye mwizi wa mafuta ya sombe!" nikamkemea.

"Mama, na gari inasikiaka njala," akajibu, na sisi wote tukacheka.

Jipu ilizunguka Butembo vizuri kabisa. Kisha ikateremka Beni.

Kulipopambazuka nilifunga maharage na muhogo, nikakata bonge la mawese na kulizungusha jani la mgomba, kwa sababu sikujua kama huko wanampa chakula. Jokébed alinisukuma ndani ya pikapu ya mchuuzi wa viazi. Kwenye kambi ya Beni, sajenti mmoja aitwaye Léon alipekua kikapu changu. Alichoma lile bonge kwa ncha ya kisu.

"Hii ni nini? Sabuni?"

"Ni mawese, papa."

"Mama, usinidanganye. Mi natoka mu forêt, musituni kwenye joto. Mawese ni maji." Aliicheka ile sabuni yangu, lakini akaniruhusu kuingia.

Nikaona jipu uani, pua yake imekunjwa. Ng'ambo ya ua kulikuwa na nyumba ya matofali yenye mlango wa bati nene, na komeo lenye kufuli nje. Hakuna aliyeniambia, lakini nilijua mwanangu yuko mle. Luteni Omer, mtu mrefu aliyefungwa mkono kwa kitambaa, alikuwa amewasimamia askari wawili waliokuwa wamevua gurudumu la kulia.

"Mon lieutenant, mi ni mama wa fundi."

Hakunifukuza. Hilo lilinitisha zaidi.

"Mama, jipu ilikimbia kuume mara tu Benoît alikanyaga freni. Benoît iko hospitali, mguu imevunjika vibaya. Sasa tumefungua kuume, na kila kitu ni kizima. Unajua maana yake?"

"Hapana."

"Chuma ni kizima, na gari inakimbia. Donc, basi, ni dawa. Uchawi ya waasi. Jioni atapelekwa kwa wakubwa."

Nilijua wale waliopelekwa kwa wakubwa; hakuna aliyerudi. Nikakaa chini, pale pale kwenye saruji, kikapu miguuni. Jua lilikuwa limepanda, jua la Beni, si lile la kwetu. Baada ya muda nilihisi kitu cha moto juu ya goti. Kitenge changu kilikuwa chekundu. Bonge lilikuwa limeyeyuka, limepita kwenye jani, linatiririka.

Nilitazama mafuta yale, nikamwona Paulin na bisibisi yake. Nikaona barabara yote ya kuteremka kutoka kwetu, kona baada ya kona, Benoît akikanyaga freni, chuma kikipata moto. Nikajua.

Lakini kujua hakukunipa raha. Nikinyamaza, mwanangu ni mchawi wa waasi. Nikisema, ni mtu aliyetia mafuta kwenye gari la jeshi. Nililigeuza neno lile mdomoni. Wale askari wawili walikuwa wameanza kufunga gurudumu.

"Mon lieutenant," nikasema. "Siku ya ajali, nani aligusa magurudumu?"

"Kugusa namna gani?"

Léon, aliyekuwa amenifuata uani, ndiye aliyejibu. "Mi nilivutaka Benoît pale mutaroni. Nikashikilia gurudumu ya kuume, ikaniunguza. Ona." Akaonyesha kiganja chenye lengelenge.

"Na ya kushoto?"

Akafikiri. "Kushoto nilikanyagia mguu, nikaegemea na mukono huu mwingine. Haikunifanya kitu."

"Basi ile ya kuume ilikuwa inafanya kazi peke yake. Ya kushoto ilikuwa inalala. Fungueni kushoto."

"Mama anakuwa mécanicien!" askari mmoja akasema, na mwenzake akapiga makofi. Luteni hakucheka. Aliinua kidevu, wakafungua.

Kifuniko cha chuma kilipotoka, vile vibao vya freni vinavyobana vilikuwa vinang'aa kwa mafuta mekundu. Wote wakapiga kelele pamoja.

"Ameweka mafuta ku freni! Ona, ni yeye!"

"Hakuweka ku freni!" Nilisimama. "Aliweka katikati, pale gurudumu inazungukia, mahali pa grisi. Grisi haipo. Kwetu mawese ni ngumu kama grisi. Huku yameyeyuka, yakatoka, yakaingia ku freni."

"Mawese ngumu?" Luteni akauliza. "Wapi mawese inakuwa ngumu?"

Niliinua kikapu, nikamgeukia Léon. Nilionyesha jani lililolowa, kisha kitenge changu. "Papa, asubuhi ulitia kisu hapa. Sema ulikuta nini."

Sajenti alilitazama jani muda mrefu. Alichovya kidole, akanusa, akakiweka ulimini. Akachuchumaa kwenye gurudumu, akachovya tena, akaonja.

"Asubuhi ilikuwa ngumu, mon lieutenant," akasema polepole. "Nilisema ni sabuni. Ni ile ile."

Luteni alinikaribia. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, kama yangu.

"Donc mutoto yako si muasi."

"Hapana, mon lieutenant."

"Ni fundi mubaya."

Paulin hakuwa na shamba wala ng'ombe. Alikuwa na jina lake tu, kwamba gari likitoka mikononi mwake, mama anaweza kupakia watoto wake bila hofu. Mlango wa bati haukuwa mbali. Maneno yetu yalikuwa yanafika kule.

"Ndiyo," nikasema kwa nguvu, ili asikie kwangu na si kwa mwingine. "Kwa gari hii, alikuwa fundi mubaya."

Luteni alimpa Léon ufunguo. Komeo lilikuwa na kutu, likagoma, Léon akalipiga teke. Mlango ulifunguka.

Paulin alisimama kizingitini, uso umevimba upande mmoja, akikunja macho kwa mwanga. Nilinyoosha mikono. Hakunitazama mimi. Alikuwa anatazama chini, pale kwenye saruji, gurudumu la kushoto lililolowa mafuta mekundu.

"Mama," akasema, "Benoît, mguu yake wataikata?"