Mtembeza Wazazi

Mwanamume anayetembeza wazazi katika shule ile ya kulipia hufungua kila mlango nusu, kisha husimama palepale kizingitini, tumbo mbele, mgeni achungulie juu ya bega lake. Sauti yake laini kama ya muuza manukato. “Hapa, mama, mtoto atamwaga Kifaransa kama maji. Na kwako wewe, jioni tuna darasa la watu wazima.” Muuza mitumba, aliyekuja kumtafutia bintiye shule, ni mtu wa kugeuza nguo ndani nje kabla ya kutaja bei. Alipenya ubavuni mwake, akaingia maktabani na mtoto. Rafu zilijaa, kila kitabu kingali ndani ya nailoni yake. Binti akachomoa kimoja.

“Usiguse, mwanangu! Hivyo ni vya kuonyesha wageni,” mtembezaji alidakia.

“Na wanafunzi wanasoma nini? Rafu?” mama alifoka. “Mimi nikiuza shati la kutazama tu, si mtaniita mwizi?”

“Usipandishe presha, mama. Watoto huchana vitabu.”

“Wachane! Kitabu kisichochakaa kimemfundisha nani?”

Akamshika binti mkono, wakatoka. Mtembezaji alikitwaa kitabu alichokiacha binti, akaisugua nailoni kwa mkono wa shati mpaka alama za vidole vya mtoto zikafutika, akakirudisha rafuni, akaenda kupokea wazazi wengine.