Mshale wa Joto wa Lori la Baba

Wiki iliyopita mteja aliniletea geji nne za lori la zamani, zimefungwa ndani ya kanga iliyochakaa. Nilipoitikisa mojawapo, nilisikia mshale uliolegea ukichakacha ndani kama punje ya mchele kwenye kibiriti. Niliziweka mezani na sikuzigusa siku tatu. Mteja alidhani nina kazi nyingi. Nyinyi nitawaambia ukweli: niliogopa.

Kazi hii ya kufufua geji sikufundishwa na yeyote. Nilijifunza hapa Mombasa, kwa kuharibu na kurudia. Lakini geji yangu ya kwanza niliitengeneza Kismayo, nikiwa msichana wa miaka kumi na mmoja, na hiyo sikupata nafasi ya kuirudia.

Baba alikuwa na lori la Kitaliano lililomzidi umri. Alishuka nalo kusini kwa njia ya mchanga hadi pwani inayokabili kisiwa cha Chula, akapakia samaki, akakimbilia mjini kabla barafu haijayeyuka. Ndilo lililotulisha watu saba. Dashibodi yake ilikuwa na geji nne, zote zimekufa, vioo vimefifia kwa chumvi. Ami Shee, mpakiaji wake, alizoea kumtania: "Nahodha, chombo chako kina macho manne na yote vipofu!"

"Wewe unayo mawili mazima," Baba alimjibu, "na jana umemkanyaga nguru."

Mimi nilikuwa mtoto asiyevumilia kitu kilichopinda. Mama akishakunja nguo, nilizikunja upya. Zile geji zilininyima raha. Springi ilipovunjika na lori likalala nyumbani, nilimwomba Baba anipe bisibisi. Akacheka. "Chukua. Zimekufa kabla hujazaliwa, huwezi kuziua tena."

Nilisugua vioo kwa majivu na ndimu. Nilipiga msasa ncha za nyaya mpaka shaba ikang'aa. Tarakimu nilizirudishia rangi nyeupe kwa unyoya wa kuku, na iliyochepuka kidogo niliifuta nikaanza tena. Siku ya nne Baba akawasha injini. Tatu hazikuitika. Lakini ule mshale wa joto ukatetemeka, ukapanda polepole, ukatulia katikati.  Baba akapaza sauti: "Shee! Njoo uone! Mwanangu kafufua maiti!" Alimwonyesha mara tatu. 

Ningeishia hapo. Lakini jioni ile niliona kidoa cha kutu kwenye shina la mshale, na sikuweza kula. Sisi asili yetu ni kisiwa cha Chovae, waunda vyombo. Nilikua nikimwona babu akizipaka mbao sifa, yale mafuta ya maini ya papa, ili maji yasizile. "Mchu hapaki sifa nusu ya chombo," alikuwa akisema kwa lahaja yetu, mchu akimaanisha mtu. Basi nikaifungua tena ile geji na kwa unyoya uleule nikaipaka sifa ndani, kila kiungo, mpaka ikameremeta. Sikumwambia mtu. Nilitaka idumu kutuzidi sote.

Sifa ikipigwa na jua huganda kama gundi. Juu ya ubao, hiyo ndiyo faida yake.

Springi ilipotengenezwa, lori lilishinda siku mbili uani likiota jua, na asubuhi ya tatu Baba alilipasha moto. Mshale ulipanda kwa kuvuta miguu, nami nikajiambia ni utaratibu wa kitu kilichotengenezwa vizuri. Baba akaniinamia dirishani. "Fundi, niende?"

"Nenda, Baba. Iko sawa."

Kesho yake mchana walirudi wakivutwa na lori la watu wengine. Mpira wa maji ulipasuka njiani, maji yakaisha, injini ikanoki. Samaki wote walioza. "Limezeeka, basi," Baba alimwambia Mama, akaenda kunawa. Hakuna aliyenitazama. Nilipanda ndani ya lori peke yangu. Injini ilikuwa imeshapoa kabisa, na mshale bado umesimama katikati. Nilikigonga kioo kwa ukucha. Haukutikisika. Nikashuka, nikafunga mlango.

Lori liliuzwa kipande kipande. Baba akawa mbeba samaki wa wenzake, kisha tukahamia Mombasa, na huku hakupata tena kitu cha kukiita chake. Kila alipoketi barazani bila kazi, nilikusudia kumwambia habari ya sifa, nikaahirisha. Tulimzika mwaka jana.

Ami Shee alipiga simu kutupa pole kutoka Kismayo. Katika kumkumbuka marehemu, akanisimulia jambo ambalo, kwa utoto wangu, sikuwahi kulijua. Miaka yote ya geji mbovu, Baba alisimama kila baada ya mwendo mfupi, akashuka, akaweka kiganja kwenye boneti, akanusa. Lori halikuwahi kumchemkia. "Siku ile nikamuuliza, nahodha, leo hatusimami? Akaniambia, tusimamie nini, Shee? Mwanangu kanitengenezea geji."

Alikuwa akicheka aliposema hivyo, kwa mapenzi tu. Mimi nilikaa sakafuni. Miaka yote nilidhani kosa langu ni mafuta. Sasa sina wa kumwambia: Baba, shuka, gusa boneti kwanza.