Sekunde Kumi na Moja za Sauti Yangu

Ninafundisha fizikia katika shule moja ya Muhumba, hapa Bukavu. Habari zilipoenea kwamba kitu kilichotoka kwenye nyota nyingine kinapita karibu na jua letu, na kwamba ni chombo cha viumbe wa huko, shemeji yangu, ambaye ni shemasi, aliniomba niwaelezee wazazi baada ya ibada.

Nilijiandaa wiki nzima. Niliwaambia kwamba tunajua kimetoka mbali kwa mwendo wake: kinakwenda mbio hata jua haliwezi kukishika. Kikipata joto kinatoa mvuke na vumbi, kama nyota nyingine zenye mkia. Kingekuwa chombo, tungetazamia kigeuze njia bila sababu, au kitume mawimbi ya redio. Wataalamu wametega masikio, hawajasikia kitu. Kuwa kigeni machoni petu, nilisema, hakutoshi kukiita chombo.

Mzee mmoja wa kiti cha mbele akaniuliza, "Maman prof, uko hakika cent pour cent, asilimia mia?"

Nikamjibu nilivyofundishwa kujibu. "Papa, siwezi sema haiwezekani kabisa. Lakini vyote tuliona ni barafu na vumbi."

Shemeji alikuwa ananirekodi. Jumanne sauti yangu ilikuwa kwenye simu za nusu ya mji, sekunde kumi na moja tu, ikikatika kwenye neno "kabisa". Chini yake mtu ameandika: mwalimu wa fizikia amekubali.

Nilimfuata shemeji nyumbani kwake. Hakuona kosa. Alisema audio ilikuwa ndefu, watu hawana mega za intaneti za kuifungua yote. Nilichukua kwake rekodi nzima, ya dakika nne, nikaituma na kuwabembeleza watu waisikilize. Wengi walinirudishia kidole gumba. Mmoja aliuliza nimelipwa na nani ili nibadilishe maneno.

Hayo ningeyavumilia. Lakini mama yangu, anayeishi kisiwani Idjwi, alikuwa avuke Alhamisi kuja kwa madaktari wa macho waliopita Bukavu kwa siku tatu. Nilimsubiri bandarini asubuhi yote. Boti ilifika bila yeye. Nilipompigia simu, alisema hawezi kukaa katikati ya ziwa wakati vitu vinashuka kutoka juu.

"Mama, nani amekuambia vinashuka?"

"Ni wewe. Nilisikia sauti yako."

Siku ya pili nilivuka kumchukua. Nilimsikilizisha dakika zote nne, mara mbili, akiwa ameshika simu karibu na sikio. Alikubali kuja, zaidi kwa kunihurumia nadhani, maana nilikuwa nimeanza kulia. Tulipofika, madaktari walikuwa wamefunga masanduku yao. Tuliandikwa kwenye orodha ya ziara nyingine, ambayo hakuna aliyejua tarehe yake.

Mama sasa anakaa kwangu, anasubiri. Jicho la kushoto halitofautishi tena mchele na mawe, hivyo mimi ndiye ninayechambua. Shemeji alikuja kumsalimu, akaleta ndizi, akaniuliza kwa upole kwa nini sikusema tu "hapana" siku ile.

Nimelifikiria swali lake mara nyingi kuliko ninavyopenda. Mzee yule akiniuliza tena kesho, nitamjibu vilevile, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.