Rundo la Mawe Kwenye Mteremko wa Madibira

Wale wanaoendesha baiskeli kwa starehe wakifika kwenye kona ya mwamba, katikati ya mteremko unaoshuka Madibira, walikuwa wanasimama. Wanavua kofia zao ngumu. Kiongozi wao anawaonyesha rundo la mawe, anawaambia hapo walilala askari wa mtemi waliopigana na Mjerumani. Wanainamisha vichwa, Wazungu na Waafrika wa Dar es Salaam pamoja. Wengine wanaokota jiwe, wanaliongeza, wanapiga picha. Kisha wanashuka na changarawe, baiskeli zao hata mlio hazitoi.

Hakuna askari pale. Habari ya askari niliitunga mimi.

Shule niliishia darasa la tatu, na sioni aibu. Nyumba ya tofali za kuchoma, mashine ya kukoboa mpunga, watoto waliofika vyuoni, vyote vimetoka kwenye baiskeli moja ya Kichina, chuma kitupu. Tulikuwa wabeba mchele. Ulifunga magunia kwenye keria kwa mipira iliyochanwa kutoka tairi la gari, ukaanza kusukuma alfajiri, maana kupanda mlima ule unakanyaga pedali na mzigo nyuma ni hadithi ya mlevi. Huko juu kwenye baridi unauza mchele, unanunua viazi, unashuka navyo. Kupanda kulitutoa jasho tu. Kushuka ndiko kulikokuwa na kazi.

Breki zetu zilikuwa za kumtania mtu. Kwa hiyo tulikuwa na utaratibu: ukifika kichwani mwa mteremko unasimama, unakata tawi zito lenye majani, unalifunga nyuma ya keria. Ukishuka, linaburuta chini, linang'ang'ania changarawe, baiskeli haikukimbii. Ukifika bondeni unalifungua, unalitupa. Wanawake wa pale chini walikuwa hawahangaiki na kuni. Walipikia matawi yetu.

Mwenzangu niliyeanza naye kazi alikuwa mtu mwembamba, mpole, ametokea Rujewa akaoa kijijini kwetu. Jina lake sitaliandika. Mjane wake hajaniruhusu, na mkifika mwisho mtaona kwa nini simlaumu. Mwenzangu huyo alikuwa akichagua tawi kama mtu anayenunua ng'ombe. Analizunguka, analipima mkononi, analiacha, anakwenda kwenye mti mwingine. Mimi nilikuwa wa haraka. Na mdomo wangu ulikuwa wa haraka kuliko mimi.

Siku hiyo wingu lilikuwa limefunga upande wa Usangu, na sisi wanne tulitaka kufika kabla mvua haijaharibu njia. Mimi nilikuwa nimeshafunga tawi langu. Yeye bado anazunguka miti na panga lake.

"Unatafuta tawi au unatafuta mchumba?" nikamwambia.

Wale wawili wakacheka. Akasema, "Chekeni. Mimi nina mke ananingoja."

"Basi shuka umuwahi, kabla hajampakulia mwingine. Mwanaume mzima anaburuza majani kama bibi harusi na shela lake!"

Walicheka tena, mmoja mpaka akakaa chini. Mwenzangu alikuwa na tawi mkononi, ameshalikata. Akalitazama. Akalitupa porini, akapanda baiskeli, akatupita.

Tulianza kukuta viazi kabla ya kumkuta yeye. Kimoja, viwili, halafu njia nzima. Yeye tulimkuta kwenye kona, kwenye mwamba. Tulirudi juu kukata fito za machela, pale pale tulipokuwa tumekataa kumsubiri akate tawi, tukamshusha kwa mkewe.

Mkewe nilimwambia breki ilikatika. Wale wenzangu wawili waliinama, wakaniachia niseme mimi. Mmoja ameshakufa. Mwingine alihamia Tunduma, sijui habari zake.

Tulimzika kijijini, kaburi la udongo tu kama la mtu mwingine yeyote. Lakini kule kwenye kona, kila mbeba mchele aliyepita alianza kuweka jiwe. Hakuna kikao kilichokaa wala mtu aliyetoa amri. Ukipita, unaweka jiwe, unatazama tawi lako kama limefungwa vizuri, unaendelea. Rundo likafika kiunoni kwa mtu. Malori yalipoanza kufuata mchele shambani, sisi tukaacha, na majani yakalifunika.

Miaka mitatu iliyopita akaja bwana mmoja kutoka Iringa mjini, mtu mzima, wa ukoo wa wafanyabiashara waliotoka pwani zamani, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha redio. Anatafuta njia za zamani za changarawe za kupitishia wageni wenye baiskeli. Wazee wenzangu walimwambia njia ya mlimani naijua mimi. Walisema kweli. Nilimpeleka, nikamwonyesha kila korongo, nikiwa mbele na fimbo yangu, yeye nyuma anahema.

Kwenye kona akauliza, "Mzee wangu, mawe haya ni ya nini?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Halafu nikaona swali la pili linakuja nyuma yake: alikufaje? Na huyu bwana ni mtu wa kuandika, kila kitu anaandika.

"Askari wa mtemi," nikasema. "Vita vya Mjerumani. Babu alinihadithia."

Macho yake yaling'aa. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Siku hiyo nilirudi nyumbani nimejaa kama gunia. Kijiji kizima kilijua kwamba njia ya wageni imepitishwa kwetu kwa sababu yangu. Nilikaa barazani, wanapita, wananipungia.

Pale kwenye kona kikawekwa kibao cha hao askari. Mjane wa mwenzangu anajua kusoma, kitabu cha nyimbo cha kanisani anakishika mwenyewe. Alipanda kutafuta kuni, akakisoma. Hakwenda nyumbani kwake. Alikuja kwangu na mzigo wa kuni kichwani, akasimama uani, hataki kuutua.

"Shemeji, kamwene."

"Kamwene, shemeji. Karibu, tua mzigo."

"Sitakaa. Nimekuja kuuliza. Mume wangu aliingia jeshini lini?"

Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Naona amepigana na Wajerumani. Mimi mkewe sikuambiwa. Labda alikuwa anapigana mchana, usiku anarudi kulala."

"Shemeji, yule bwana alitaka historia..."

"Na yeye siyo historia? Mchele wa watu wangapi umepita mgongoni kwake? Kile kibao kiandikwe yeye. Jina lake, na kwamba alikuwa mbeba mchele. Basi. Mengine wawekee askari wako kwenye kona nyingine."

Nilimwahidi. Nikapanda gari mpaka Iringa, nikamkuta yule bwana kwenye banda lake la baiskeli, nikamwambia nilikosea, pale alifia rafiki yangu. Hakukasirika. Alinivutia kiti, akatoa daftari.

"Pole sana, mzee. Kibao tunaweza kubadilisha. Alikufaje?"

Nimebeba magunia mpaka mabega yakapinda, sijawahi kubeba kitu kizito kama lile swali.

"Breki," nikasema. "Breki ilikatika."

Akaweka kalamu chini. "Mzee wangu, wageni wangu ni watu wa baiskeli. Nikiwasimamisha katikati ya mteremko niwaambie hapa breki ilikatika mtu akafa, watashuka kwa miguu. Hakuna kitu kingine cha kusema juu yake?"

Kilikuwepo. Nikanywa chai yake, nikaondoka. Kibao kikabaki na askari.

Mjane hakuja tena kuuliza. Ila baada ya kuvuna mpunga nilianza kumwona anapita asubuhi na karai kichwani, linakwenda tupu, linarudi na mawe. Matano, sita, kadiri shingo yake ilivyoweza. Nikamfuata kwa mbali. Alikuwa anayateremsha mpaka kwenye kaburi la mumewe, anayapanga kulizunguka, moja moja. Mawe ya wabeba mchele na mawe ya wageni, hakuyabagua. Rundo likashuka mpaka magotini. Yule bwana akanipigia simu: nani anaiba mawe yake? Nikakata simu.

Nikatoa baiskeli yangu ya zamani, nikaipaka grisi, nikafunga kreti kwenye keria. Nikamkuta kwenye kona, ameinama. Nikaiegesha, nikaokota jiwe kubwa ambalo yeye asingeliweza.

"Shemeji, ngoja nikusaidie. Mama mtu mzima huwezi kumaliza peke yako."

Alinyooka, akaweka mkono kiunoni.

"Breki ya mume wangu," akasema, "iliyokatika. Baiskeli ninayo mpaka leo ndani. Waya zote mbili nzima. Nimekaa na baiskeli ile miaka yote, nakungoja wewe uliyekuwepo."

Jiwe lilikuwa kifuani kwangu. Nikamwambia. Tawi, mchumba, shela la bibi harusi, kumpakulia mwingine, na kwamba tawi langu mimi lilikuwa limeshafungwa. Nilimaliza yote nikiwa nimesimama. Sikumwomba kitu.

Alipangusa vumbi mikononi.

"Ulimwambia mimi nampakulia mwingine?"

"Nilimwambia."

"Weka hilo jiwe chini."

Nikaliweka. Alipiga magoti, akajaza karai lake, akajitwisha mwenyewe, akashuka. Mimi nikabaki na baiskeli yenye kreti tupu. Amemaliza yote sasa, isipokuwa lile jiwe kubwa nililoshika. Liko pale chini ya kibao cha askari, na wageni wakipita hawaoni cha kuwasimamisha.