Pikapu ya Ramlo Ndani ya Mikeka ya Herio

Saa mbili asubuhi, na pikapu ya Ramlo Alio haionekani. Katika ua wake mtaani Bulla Iftin, mjini Garissa, kinachoonekana ni mikeka mikuukuu ya herio, ile nyumba ya wafugaji inayobomolewa na kupakiwa juu ya ngamia. Mikeka imefungwa kwenye fito kuzunguka kitu kirefu. Ndani yake nyundo inagonga.

"Ramlo, hii herio inahamia wapi?" anauliza jirani yake, Lul, akichungulia juu ya ua wa miiba.

"Bura! Nitafutie ngamia wa kuibeba."

"Ngamia gani atabeba kutu?"

Ramlo anacheka, akiwa amelala chali chini ya gari lililoinuliwa juu ya magogo ya mti wa mathenge. Mikeka inazuia jua na macho ya wapita njia, maana huko ndani amevaa suruali ya mumewe.

Mume mwenyewe, Deeq, ameketi nje ya mikeka juu ya dumu. Aliendesha gari hili miaka mingi hadi maradhi yalipompofusha. Sasa kazi yake ni kusikiliza nyundo.

"Rudia hapo," anasema. Ramlo anagonga tena. "Hiyo imeoza. Inalia kama debe. Songa mbele."

Ramlo, mwenye umri wa miaka 47, huleta maziwa ya ngamia kutoka kwa wanawake kumi na mmoja wa Bura, eneo la Fafi, hadi soko la Garissa. Gari likichelewa, maziwa huchacha. Tangu lisimame mwezi uliopita, wanawake hao hawajapata lingine la uhakika.

Garissa ni pakavu, na mgeni atashangaa gari kuliwa na kutu huku. Chanzo ni mzigo. Anaporudi Bura, Ramlo hupakia chumvi ya mifugo. Chumvi hupenya nyufa za bodi, maziwa yanayomwagika huilowesha, na tope hilo huganda juu ya chesisi, fremu ya chuma inayobeba gari, mahali ambapo jicho halifiki.

Matobo ya kwanza yalipotokea mwaka jana, alifanya wanavyofanya wengi hapa. Alikata mikebe ya mafuta ya msaada iliyotoka kambi ya wakimbizi ya Dadaab, akapigilia vipande vyake juu ya matobo, akapaka lami. Kwa nje palionekana pazima. Chini ya lami, chumvi iliendelea kula.

Mwezi uliopita alimwita Abdiwali, kijana mchomeleaji wa mtaani, aongeze kiraka. Abdiwali alichokonoa lami kwa bisibisi, nayo ikazama hadi mpinini. Akaanza kufungasha mashine yake.

"Eddo, kutu haichomelewi," alimwambia, akimwita shangazi kwa Kisomali. "Toa yote mpaka chuma yenyewe itokee. Ikiwa nzima pale kwa springi, niite. Ikiwa imeisha, uza hii gari kwa kilo."

"Nilimuuliza, umekuja kunitibia gari ama kuizika?" anakumbuka Ramlo. "Lakini wallahi, namshukuru sana yule kijana. Angeweza kuweka kiraka, achukue pesa yake, aende. Mimi ningepakia maziwa na watu juu, gari ikatikie njiani."

Kilichobaki leo ni shina la springi ya kushoto, pale inaposhikana na chesisi. Ramlo anabandua magamba kwa patasi, anasugua kwa brashi ya waya. Vumbi jekundu linamwangukia shingoni. Kisha anagonga.

"Umegonga wapi?" anauliza Deeq.

"Kwa springi."

"Rudia. Chini kidogo." Nyundo inalia kwa sauti kali, nyembamba. Deeq ameinamisha kichwa. "Hiyo ni chuma."

"Alhamdulillahi!"

"Ngoja, mama. Mwite kijana aone. Mimi nimesikia tu."

Alasiri Abdiwali anabisha hodi, anasubiri Ramlo avae jilbabu yake, kisha anaingia chini na tochi. Anaisukuma bisibisi penye shina la springi. Haiingii. Anachora kwa chaki kipande kilichooza mbele ya shina hilo, ambacho atakikata kesho na kuweka chuma kipya.

"Eddo, inashika," anasema akitoka. "Umesafisha kuliko mimi."

Lul amerudi kwenye ua wa miiba. "Kumbe mwishowe ni mwanaume aliyetengeneza?"

"Mwanaume amekuja kukagua," anajibu Ramlo. "Kwetu herio hujengwa na nani?"

"Na sisi wanawake."

"Haya basi."

Chuma kipya kikishika, chesisi itapakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Lami hataki tena kuiona. Ramlo amepata mapipa ya plastiki yenye vifuniko kwa ajili ya chumvi, na kila Ijumaa anakusudia kuosha chini ya gari kwa maji matamu.

Mikeka bado haijafunguliwa anapopiga simu Bura. Anayepokea ni Amran, mmoja wa wale wanawake kumi na mmoja. Tangu gari lisimame, maziwa yao mengi wamekuwa wakiwaachia ndama.

"Waambie wenzako," Ramlo anasema kwa sauti, kana kwamba Amran yuko ng'ambo ya mto. "Jumatatu, inshallah, ndama wasinyonye yote."