Maji Laini ya Gitega

Vitambaa vya altare havifuliwi kama shuka. Béatha alilijua hilo tangu utoto wake huko Ngozi, Burundi, ambako wazazi wake walikimbilia kutoka Rwanda na ambako masista walimfundisha kazi hiyo kabla hajajua kusonga ugali. Kile kitambaa chembamba ambacho padiri hufutia kikombe baada ya komunyo huwa na doa la divai, na pengine chembe ya hostia isiyoonekana kwa jicho. Kwa hiyo maji yake ya kwanza hayamwagwi mtaroni. Unakiloweka, unakisuuza taratibu, kisha unayabeba yale maji kwa mikono miwili na kuyamimina kwenye udongo, chini ya mmea, mahali pasipokanyagwa na mtu. Hapo ndipo sabuni inapata ruhusa ya kusogea.

Miaka ishirini na minane aliifanya kazi hiyo mtaa wa Gitega, katikati ya Kigali, kwenye ua wake usiozidi upana wa mikeka miwili. Hakuwa na mume tena, hakuwa na cheo, na shule yake iliishia darasa la sita. Lakini kila Jumapili, padiri alipokunjua kitambaa cheupe mbele ya watu wote, Béatha alinyoosha shingo kwenye benchi la tatu na kusema moyoni: ule weupe ni wangu.

Bomba la ua ule lilikuwa na maji laini. Sabuni ya mche ukiigusisha tu, povu limejaa beseni. Maharage aliyoyaloweka jioni yaliiva kesho yake kabla kikapu cha makaa hakijafika nusu. Sufuria la chai lilikaa miaka kumi bila ukoko. Majirani walipomwuliza siri, alijibu kwa maringo kidogo, "Ni mkono, mwanangu. Mkono haununuliwi sokoni." Naye aliamini.

Mvua kubwa za mwaka juzi zikaulegeza ukuta wa nyuma, nyumba ikawa inalala ubavu kama mlevi. Mwanawe wa pekee, Jean-Luc, fundi wa vigae, akasema sasa basi. Alikuwa amejenga mbele ya Kabuga, mashariki kabisa ya mji, kwenye viwanja vipya ambavyo mwenye ardhi alikuwa amechimba kisima kirefu na kuyavuta maji mpaka ndani ya nyumba.

"Maman, hapa huchoti, hubebi," Jean-Luc alijisifu siku ya kuhamia. "Bomba iko jikoni. Unafungua tu."

Akafungua. Maji yakaruka kwa nguvu, maangavu kama kioo. Béatha akayaonja kidogo. Yalikuwa na uzito ulimini, kama mtu aliyelamba ukuta.

Jumatatu ya kwanza alitoa vitambaa kwenye mfuko wa parokia, kwa kuwa alikuwa bado anapanda basi kila Jumapili kwenda kusali Gitega, na hakuwa tayari kuiacha kazi yake kwa sababu ya umbali. Akasuuza, akamimina maji ya kwanza chini ya mgomba, akarudi kwenye beseni na sabuni yake. Akasugua. Povu halikuja. Akasugua tena. Maji yakawa meupe mazito, na utando wa kijivu ukaelea juu vipandevipande kama maziwa yaliyoganda.

Mtu aliyefua maisha yake yote ana kosa lake moja: akishindwa, huilaumu sabuni. Béatha aliamini ameuziwa sabuni ya uongo. Akafungua mche mwingine, akaongeza, akasugua mpaka vidole vikamwuma. Kumbe kila sabuni aliyoongeza iliongeza ule utando, nao ukaingia kwenye nyuzi za kitani ukakaa humo. Alipopiga pasi, vitambaa vikawa vigumu kama karatasi, rangi yake kama jino la mvuta kiko.

Jirani yake Mukarugwiza, mama mnene mwenye kicheko cha karibu, alikuwa amemtazama muda wote kwa juu ya ua wa michongoma.

"Yewe, Mukecuru, bibi mzee wetu! Unatafuta povu? Huku povu utaliona kwenye bia tu!"

"Sabuni yao mbovu," Béatha alisema.

"Sabuni iko sawa. Ni maji. Haya maji yamelala na mawe huko chini, yamejifunza tabia zao." Mukarugwiza akaingia kwake, akatoka na birika, akaitikisa. Ndani kulilia kama njuga. "Unasikia? Hii ni chokaa, si chai. Nilinunua birika hii kabla ya Pasaka. Na maharage, weka asubuhi, utakula kesho."

"Na nguo zako unafuaje?"

"Mimi navaa kitenge, mama. Kitenge hakisemi siri za mtu."

Béatha hakucheka. Siku zilizofuata aliyaona yote kwa macho yake. Maharage yalichemka kutwa yakabaki na moyo wa kokoto. Chai ilikaa na utando juu, haina harufu. Ngozi ya mikono yake ikakauka ikawa na vumbi ambalo mafuta hayakulishinda. Lakini haya yote angeyameza, kwani maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kilichomchoma ni kingine. Kumbe ule mkono usionunuliwa sokoni, nusu yake ilikuwa ikitoka bombani! Miaka ishirini na minane alisifiwa yeye, na maji yakanyamaza.

Jumapili alimkabidhi mfuko Masera Alida, mtawa anayetunza sakristia. Masera alikunjua kitambaa kimoja, akakipitisha katikati ya kidole na gumba.

"Mama Béatha, umebadilisha sabuni?"

"Ni maji, Masera."

"Maji si maji?"

"Maji si maji," Béatha alijibu. "Ya Ngozi yalikuwa ya chemchemi, unaosha na nusu ya sabuni. Ya Bujumbura nilikoolewa yalitaka uongeze kidogo. Haya ya hapa Gitega ni laini. Yale ya kwetu sasa ni magumu, yanakula sabuni na hayashibi."

Masera akatazama kitambaa, akamtazama mama. "Padiri ameuliza juzi kama vitambaa vimezeeka," alisema polepole. "Nimemwambia nitaangalia. Aurore, yule binti wa parokia, anafua kanzu kwa mashine hapa nyuma, angeweza..."

"Nipe wiki nne," Béatha akamkata. Hakuwa amewahi kumkata mtawa maneno maishani mwake.

Wiki nne hizo alipigana. Alichemsha maji, akayaacha yatulie, akachota ya juu. Yakawa afadhali, si mazuri, na makaa yakaisha. Alifanya kama bibi yake, akapitisha maji kwenye majivu ya mgomba. Povu likaja kweli, akapiga vigelegele peke yake jikoni, lakini kitani kikatoka na umanjano wa majivu. Mvua ingemsaidia, ila ulikuwa mwezi wa saba, na anga la mwezi wa saba halina deni na mtu. Alibeba kidumu cha lita tano kutoka bomba la parokia. Kilitosha vitambaa vitatu, na vitambaa vilikuwa ishirini na vinne. Siku nyingine akakaa hukohuko Gitega kutwa, afulie kwenye bomba la parokia. Kupanda basi, kushuka, kupanda lingine, kisha ule mlima kwa miguu. Magoti yakavimba siku nne, hata msalani alishikiliwa na Mukarugwiza.

"Jean-Luc, niletee jerikani mbili tu kila wiki," alimwomba mwanawe.

Jean-Luc alileta mara moja, kwenye gari la mwenzake. Vitambaa vya wiki ile vilitoka vyeupe, laini kama sikio la mtoto, na Béatha alikaa navyo mapajani hata chakula kikapoa. Mara ya pili Jean-Luc alisahau. Mara ya tatu alisema, "Maman, gari si yangu. Nitamwomba mtu kila wiki abebe maji kutoka mjini kuleta kwenye nyumba yenye maji? Watu watanicheka. Maji tunayo."

"Hatuna maji. Tuna mawe yanayotiririka."

"Sawa, basi nifanye nini? Nibomoe nyumba?"

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya. Kijana alikuwa amejenga kwa jasho lake, akamtoa mama yake chini ya ukuta unaoanguka. Béatha akamsogezea sahani. Alisema, "Hapana, mwanangu. Kula, chakula kinapoa."

Wiki nne zikaisha. Béatha alikwenda Gitega na mfuko wa vitambaa vya kijivu na hotuba aliyoipanga njia nzima. Masera hakumpa nafasi ya kuitoa. Alipokea mfuko bila kuufungua, akampa mwingine, akasema, "Endelea, Mama Béatha. Endelea tu na kazi yako. Mungu haangalii rangi."

Béatha akashangaa, akashukuru, akarudi nyumbani ameinua kichwa.

Jumatatu akafungua mfuko juu ya meza ya jikoni. Vitambaa vilikuwa vimekunjwakunjwa ovyo, kama kawaida ya vitambaa vichafu. Akachukua cha kwanza kutafuta doa la divai, ajue pa kuanzia. Hakuna doa. Cha pili, hakuna. Akavipanga vyote ishirini na vinne kimoja baada ya kingine, akavigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Hakuna divai, hakuna alama ya kidole, hakuna hata nta ya mshumaa. Mtu alikuwa amevikunja kwa makusudi.

Hakutaka kuamini macho, akafumba. Akapitisha vidole. Macho ya mwanamke mzee yanaweza kudanganywa, lakini vidole vilivyofua miaka hamsini vinajua vimegusa nini. Kitani kilikuwa kimelegea, kimepumua, hakina ule ukavu wa chokaa. Kilikuwa kimefuliwa juzi au jana, na maji yaliyokifua yalikuwa maji ya Gitega.

Akaketi. Bomba la jikoni lilikuwa likidondosha matone kwenye sinki, tone, tone, na chini ya kila tone baka jeupe la chokaa.

Mukarugwiza akapita nyuma ya dirisha na kapu lake. "Mukecuru, leo hufui?"

"Leo napiga pasi kwanza."

"Kabla ya kufua? Huo ni utaalamu mpya!"

"Ni wa zamani," Béatha akasema. "Nyinyi hamjafika."

Angefanya nini? Kuvifua tena katika maji yale kungekuwa kuviharibu, na kisha Aurore angevifua mara ya pili kwa siri, amlaani kimoyomoyo. Kuvirudisha na kusema "Nimejua" kungemwaibisha Masera, aliyefanya hivi kwa huruma. Na mfuko usingetoka tena Gitega. Akawasha makaa, akatia kwenye pasi, akanyunyiza matone machache ya maji aliyochemsha, akapiga. Akakunja mara tatu kwa urefu na mara tatu kwa upana, kama inavyotakiwa, pembe kwa pembe. Ilimchukua asubuhi yote. Hakuna kazi aliyoifanya kwa uangalifu kama ile, na hakuna aliyoichukia kama ile.

Jumapili Masera Alida alifungua mfuko mbele yake. Aliinua kitambaa cha juu, akakitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Vimetakata, Mama Béatha."

Neno likampanda Béatha mpaka kooni: nani kavifua? Aliuona uso wa Masera umekaza, unasubiri, kama mtu aliyebeba sinia la mayai kwenye ngazi. Kama angelitamka, yote yangeanguka hapo.

"Ndiyo, Masera," alisema. "Mara hii vimekubali."

"Tumshukuru Mungu."

"Tumshukuru."

Watu walikuwa wakiingia kanisani, kwaya inajaribu sauti. Béatha alisimama pale mlangoni mwa sakristia, mikono haina kitu, hajui aende au abaki. Mwishowe aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo mwenyewe hakuitambua:

"Na mfuko wa wiki hii, Masera, upo?"

Masera akainama chini ya meza, akautoa. Ulikuwa mwepesi, umefungwa kamba vizuri. Béatha akaupokea kwa mikono miwili.